Waacheni Wafukue

Mgeni wa jukwaa lolote la mtandaoni huonywa mapema: usifufue uzi wa zamani. Kule JamiiForums wanasema "kufukua makaburi", na anayethubutu kuchangia mada ya mwaka 2013 hajibiwi hoja yake, anaulizwa alikuwa wapi siku zote. Wengi wanauita huo ustaarabu. Mimi nauita uzomeaji, na maarifa yetu yanapotea kwa ajili yake.

Kanuni yenyewe ilitokana na programu. Majukwaa ya zamani yalipanga mada kwa tarehe ya mchango wa mwisho, kwa hiyo neno moja tu lilitosha kupandisha uzi wa miaka mitano hadi ukurasa wa kwanza na kuzisukuma chini mada za leo. Kwa waliokuwa wakifungua ukurasa huo kila asubuhi, kero ilikuwa ya kweli. Lakini anayekuja kupitia Google haoni ukurasa wa kwanza. Anaandika swali lake, anatua katikati ya uzi, anasoma alichokikuta na kuondoka nacho.

Na anaondoka na nini? Chukua kantangaze, mdudu wa nyanya ambaye wataalamu humwita Tuta absoluta. Asili yake ni Amerika Kusini. Mwaka 2006 alionekana Hispania, na kufikia 2014 alikuwa ameshaingia katika mashamba ya Tanzania. Funza wake huishi ndani ya jani lenyewe, kati ya ngozi ya juu na ya chini, hivyo dawa nyingi zinazopulizwa hazimfikii vizuri, na zile zinazorudiwarudiwa huzizoea upesi. Sasa fikiria uzi wa siku zile. Mkulima kauliza, wawili wamemtajia dawa walizozoea, wa tatu kamwambia aongeze kipimo, halafu kimya. Mkulima mwingine anaufikia leo akiwa shambani, simu mkononi, anasoma "ongeza kipimo" na anaongeza. Yupo mwenzake aliyekwisha kujifunza kubadilisha aina za dawa, kutega mitego yenye harufu ya jike inayonasa madume, na kuteketeza masalia baada ya mavuno. Anapita pale, analiona kosa, ananyamaza asije akaambiwa amefukua kaburi. Huyo wa shambani atalipia ukimya huo kwa fedha zake.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba tunamfungia mtu milango yote miwili. Akianzisha uzi mpya anaambiwa mada hii ilishajadiliwa, atafute kwanza. Akitafuta, akaupata, akauliza palepale, anaambiwa uzi umeshakufa. Na hao hao ndio wanaodai mrejesho! "Mkuu, usisahau kuleta mrejesho." Mche wa parachichi uliobebeshwa huchukua kama miaka mitatu kuanza kuzaa, kesi ya kiwanja inaweza kuchukua zaidi ya hapo. Tulimwomba mtu atuletee matokeo, naye kayaleta yalipopatikana. Kwa nini tumcheke?

Wengine waliliona hili zamani. Stack Overflow, mtandao wa maswali ya watengeneza programu ulioanza 2008, humpa beji ya Necromancer anayejibu swali lililopita siku 60, jibu lake likipata alama 5 au zaidi. Kuchelewa hakuhesabiwi kosa. Wanachopima ni uzito wa jibu.

Sikatai kwamba wapo wanaostahili kukemewa. Anayeandika "nipo hapa nasoma" chini ya uzi wa miaka tisa anatupotezea muda. Anayechokoza ugomvi wa watu wawili waliokwisha kupatana ana nia mbaya. Anayeibua tangazo la mtu aliyepotea bila kusema ni la mwaka gani anaweza kuwashtua ndugu bure. Hao wote wamekosea kwa walichokisema au walivyokisema, wala si kwa umri wa uzi. Mwenye jambo jipya ataje tarehe ya uzi katika mstari wa kwanza, aseme kilichobadilika, aendelee.

Tujiulize pia nani ananufaika tukikaa kimya. Mwanasiasa aliyepinga jambo kwa maneno makali kabla ya kupata cheo, na leo analitetea, angependa sana maneno yake ya awali yabaki chini kabisa. Kila anayemzomea mfukuaji anamfanyia kazi hiyo bila malipo.

Wasimamizi wa majukwaa nao waache kufunga nyuzi kwa sababu ya umri peke yake. Reddit ilizifunga zote zilizofikisha miezi sita kwa miaka mingi, kisha mwaka 2021 ikaiachia kila jumuiya iamue. Fungeni matusi, fungeni utapeli. Uzi wa zamani uwekeeni mwaka wake juu kabisa, kwa herufi kubwa, ili mkulima ajue anasoma ushauri wa lini kabla hajachanganya dawa.