Mimba za Utotoni Garsen: Maslaha ni ya Nani?

Mto Tana ukifurika tunahesabu nyumba na mifugo. Wasichana hatuwahesabu. Mafuriko ya 2018, kisha ya 2023 na 2024, yalizifukuza familia hadi kambini, ambako hakuna mlango wa kufunga usiku. Sisemi kila mimba inatoka huko, lakini msichana asiyekwenda shule na asiye na pa kujificha hupatikana kwa urahisi.

Mimba inapojulikana, anayeitwa kwanza ni mzee, si polisi. Tunaita maslaha: pande mbili zinakaa, mbuzi au pesa zinatajwa, kesi imekwisha. Nawaheshimu wazee wetu. Wametuamulia ugomvi wa malisho na mashamba ambao ungemwaga damu. Ila mtoto si malisho. Kwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, anayepatikana na hatia ya kumnajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15 hufungwa si chini ya miaka 20. Mbuzi hawakutajwa.

Binti mwenyewe hapati hata kwato. Anabaki na mimba katika mwili usiokomaa. Uchungu ukikwama na barabara imekatwa na maji, fistula iko karibu. Akijifungua salama, mwongozo wa Wizara ya Elimu wa 2020 unamruhusu arudi darasani. Mtoto amwachie nani? Nyanya akikubali kumlea, basari ya kaunti imfikie binti huyo kwanza.

Nanyi machifu na wazee wa Nyumba Kumi, nawaomba: kesi ifike kituoni kabla baraza halijakaa.