Kabla ya Kupiga Kura ya Zanzibar, Ulizeni Upepo

Kila TP ikikaribia kwisha, makundi ya WhatsApp ya walimu wanafunzi hugeuka ofisi za utalii. Mwaka huu sisi tuliopangiwa Nachingwea na Ruangwa tuko 14, na hoja iliyopo mezani ni moja: mwisho wa Agosti, kabla ya kurudi chuo, tunakwenda pwani gani kukodi boti na kula bata? Mpaka naandika hapa, Zanzibar inaongoza kwa kura 8. Mtwara ina 3, Kilwa ina 2, Lindi ina 1. Moja kati ya zile mbili za Kilwa ni yangu, na makala hii ni kampeni, sijifichi.

Mjadala ulianza na video. Mwenzetu mmoja alirusha kipande cha vijana waliokodi boti ya anasa huko Ugiriki: maji ya buluu, mlingoti mweupe, watu wamelala juu ya sitaha kama hawana mitihani duniani. Chini yake akaandika, "Na sisi tufanye, kwa saizi yetu." Wazo halina ubaya wowote. Mwalimu mwanafunzi aliyesimama mbele ya mikondo minne kwa wiki nane anastahili kukaa juu ya maji siku moja. Shida yangu ni namna tunavyochagua mahali. Watu wanapiga kura kwa kuangalia picha.

Nimekaa nikasoma hao wa Mediterania wanavyochagua, maana kama tunaiga ni bora tuige kazi nzima. Wanaanza na upepo. Julai na Agosti, Bahari ya Aegean upande wa mashariki wa Ugiriki hupigwa na upepo mkali wa kaskazini uitwao meltemi, na ukishika unaweza kuvuma siku kadhaa bila kupumzika. Kwa hiyo kundi lisilo na uzoefu hushauriwa kwenda upande wa magharibi, kwenye visiwa vya Ionia kama Corfu, ambako majira yaleyale maji huwa na utulivu zaidi. Baada ya hapo ndipo wanauliza mengine: tunakodi na nahodha au bila nahodha, tunafunga boti bandari gani usiku, kuna nini cha kuona ukishuka nchi kavu. Picha zinakuja zenyewe.

Na sisi tunao upepo wa kuuliza. TP yetu inaangukia Julai hadi Septemba, na huo ni msimu wa kusi. Kila mtoto wa pwani anajua kwamba kusi ikikolea, bahari ya nje inachafuka, na mchana upepo huwa mkali kuliko asubuhi. Wenzangu wengi mmetoka bara (mimi pia), na kwetu sisi bahari ni bahari tu, iwe Januari au Julai. Basi kumbukeni MV Skagit. Ilizama tarehe 18 Julai 2012 karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, siku ya upepo na mawimbi makubwa, na watu wengi wakapotea. Sisemi boti za leo ni kama ile. Kuna boti kubwa za kisasa zinazovuka mlango ule kila siku na watu wanafika wanacheka. Nasema tu kwamba katika mjadala wetu wa siku tano na ujumbe zaidi ya mia tatu, neno "upepo" halikutajwa hata mara moja, na neno "outfit" nimelihesabu mara 19.

Halafu kuna suala la barabara. Ili ufike Zanzibar kutoka Nachingwea, unapanda basi la Dar, siku nzima, kisha boti, kisha unatafuta chumba. Boom ya mwisho ndiyo hiyo imebaki inalialia kwenye simu. Nauli ya kwenda na kurudi itameza karibu kila kitu, na mkifika hamtakuwa na hela ya kukodi hata mtumbwi. Mtakodi nafasi, kila mtu kiti chake, kwenye boti ya mtu mwingine, kwa ratiba ya mtu mwingine. Na basi hilohilo la Dar, jamani, linapita Nangurukuru. Yaani tunapita mlangoni kwa Kilwa, tunaiangalia dirishani, tunaendelea.

Kutoka Nangurukuru unaingia kulia hadi Kilwa Masoko. Pale gatini unatazama ng'ambo unakiona kisiwa kwa macho yako. Kilwa Kisiwani iko karibu kiasi kwamba chombo cha tanga kinakufikisha, na mkondo wenyewe umekingwa na nchi kavu na visiwa, hauko wazi kama bahari ya nje. Kwa watu 14 wasiojua kuogelea (tuseme ukweli, wanaojua ni watatu), katika msimu wa kusi, hiyo ndiyo Corfu yetu.

Lakini sitaki mfikiri nachagua Kilwa kwa woga. Nafundisha Historia, na muhula huu mada niliyokabidhiwa ni biashara ya pwani. Nimesimama mbele ya darasa Ruangwa nikachora ubaoni mshale wa kaskazi na mshale wa kusi, nikaeleza kwamba wafanyabiashara walikuja na upepo mmoja na kurudi na mwingine. Mwanafunzi mmoja wa kike, mkimya sana, akanyoosha mkono. "Mwalimu, huo upepo wa kusi ndio huu unaovuma sasa hivi?" Nikamwambia ndiyo. Akatazama nje dirishani, kwenye ile miti ya mikorosho inayotikisika, kama vile anaiona mara ya kwanza. Nikauliza darasa zima nani amewahi kuiona bahari. Kati ya wanafunzi 61 waliokuwepo, mikono ilinyooka tisa. Hawa ni watoto wa mkoa wa Lindi, mkoa wenye bahari! Wanawajua wachezaji wa Namungo kwa majina na namba za jezi, wanajua bei ya ufuta na mbaazi kuliko mimi, lakini Kilwa wanayoisoma kwa ajili ya mtihani ingeweza kuwa Brazil.

Na mimi ninayewafundisha? Nilikuwa naisoma Kilwa kwenye kitabu kilekile wanachosoma wao. Mji ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 akausifu kwa uzuri wake, mji uliopiga sarafu zake wenyewe, mimi naueleza kwa mchoro wa chaki. Sarafu hizo za shaba zilifika mbali: mwaka 1944 ziliokotwa tano katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa Australia, na mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje. Nikiwaambia wanafunzi habari hiyo wanachangamka kuliko kwa kitu kingine chochote. Fikiria ningewaambia nimesimama pale zilipopigwa.

Pale kisiwani kuna Msikiti Mkuu, ambao ujenzi wake ulianza karne ya 11, na nguzo zake na kuba zake bado zimesimama. Kuna Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman la karne ya 14, lenye bwawa la kuogea la pembe nane likitazama bahari. Mnataka picha ya bwawa lenye mandhari ya bahari? Lipo hilo, lina umri wa miaka mia saba. Kuna Gereza, ngome iliyoanzia kwa Wareno waliovamia mwaka 1505. UNESCO iliingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, mwaka 2004 ikayaweka kwenye orodha ya yaliyo hatarini, na mwaka 2014 ikayatoa baada ya kazi ya ukarabati. Watalii wa Ulaya wanasafiri mabara mawili kuyaona. Sisi tuko mkoa uleule na tunataka kuyapita kwa basi.

Wa kambi ya Mtwara msininunie. Hoja yenu ni nzuri kuliko ya Zanzibar na nimeipima kweli. Kwa aliyeko Nachingwea, njia ya Masasi kwenda Mtwara ndiyo iliyonyooka, na hata historia iko upande wenu: Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga miaka ya 1940, ndio uliozaa reli kutoka Nachingwea hadi baharini na bandari ya kina kirefu ya Mtwara. Karanga hazikuja kama walivyoota, reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, bandari ikabaki. Mikindani ina majengo yake ya kale, na Msimbati ina mchanga ambao sijui kama kuna wa kushindana nao. Ila Msimbati ni ufukwe wa kukaa. Mkitaka kutoka na boti pale wakati wa kusi, mko kwenye bahari iliyo wazi zaidi. Kama lengo ni kulala mchangani na kula samaki, nendeni, nitawabariki. Kama lengo ni chombo, mimi nabaki Kilwa.

Lindi mwenye kura moja, wewe naona unataka tu kulala mapema.

Sasa namna ya kwenda. Tukodi chombo kizima, tusinunue viti. Watu 14 tukichanga, nahodha ni wetu kutwa na tunakubaliana naye saa. Kabla ya kuvuka tunachukua kibali pale Kilwa Masoko, na Mtanzania halipi kama mgeni. Siku ya kwanza Kisiwani, kuondoka asubuhi mapema, kurudi kabla upepo wa mchana haujashika. Anayetaka Songo Mnara siku ya pili, huko ni mbali zaidi, panataka injini na siku nzima, na hapo ndipo lazima tuongee habari za maji.

Mediterania maji kujaa na kupwa hayaonekani sana, ndiyo maana wale wa kwenye video hawahangaiki nayo. Kwetu siku za bamvua tofauti ya maji yakijaa na yakipwa inapita mita 3. Songo Mnara unaingia kupitia mikoko. Maji yakiwa yamekupwa, chombo kinakaa mbali na nyinyi mnatembea kwenye tope na maji ya magoti, viatu mkononi. Sasa sikilizeni: mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji ya pwani yetu hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, maana yake saa nne asubuhi yamekauka. Juma moja baadaye, siku za maji mafu, mambo hugeuka, na kujaa kunaangukia katikati ya asubuhi. Kwa hiyo wanaosema twende "usiku wa mwezi mpevu kwa ajili ya picha" wanatuchagulia tope. Tusubiri wiki moja. Na nahodha wa pale atajua kuliko mimi na kuliko Google. Akisema leo hatutoki, hatutoki, hata kama umeshapaka mafuta ya jua.

Jambo la maboya ya kuvaa silifanyii mzaha. Mwaka wa pili nilipanda boti ya starehe, sitaji wapi, muziki juu, watu wamejaa, na maboya yalikuwa yamefungwa kwa kamba chini ya viti, fundo la kutumia meno. Niliuliza, nikaambiwa, "Dada, usitutie mkosi." Tangu siku hiyo nina sheria yangu: naomba kuyaona kabla sijalipa, nahesabu vichwa na nahesabu maboya. Chombo kisicho na leseni ya kubeba abiria sipandi, hata kwa nusu bei. Nitafanya hivyo Kilwa pia, na mtanicheka, sawa.

Limebaki moja, na najua litanipunguzia kura. Nimependekeza tuache nafasi nne kwenye safari ya Kisiwani kwa wanafunzi wa shule zetu, wawili kutoka Nachingwea na wawili kutoka Ruangwa. Wengine mmesema hii ni likizo, hamtaki kubeba watoto wa watu, na mkaniuliza nani ataandika barua. Nimeshaiandika. Mkuu wangu wa shule ameisoma, akaniambia anataka idhini ya mzazi kwa maandishi, mwalimu wa kike wa kudumu awepo, na watoto wasiende zaidi ya Kisiwani. Nakubaliana naye kwa yote matatu. Songo Mnara tutakwenda sisi wenyewe siku inayofuata na hapo mtapiga muziki mnavyotaka. Chango la watoto nimelipigia hesabu: ni kama kila mmoja wetu aache chipsi kuku mara mbili. Msiniambie hamna, tunaonana pale stendi kila jioni.

Yule binti wa dirishani hajui kama jina lake liko kwenye barua. Sijamwambia, maana kura bado.

Inafungwa Jumamosi saa mbili usiku. Wanane wa Zanzibar, nikiwapata watano tu inatosha. Na msomaji yeyote aliyewahi kufanya TP Kilwa, kama una namba ya nahodha pale Masoko anayewavalisha abiria maboya bila kuombwa, ipeleke kwa CR wa Elimu mwaka wa tatu kabla ya Ijumaa.