Mchawi Wetu si Ajinomoto, ni Chumvi!

Jamani wadau, huu uzushi tutauacha lini? Eti Ajinomoto ni sumu, ila mchuzi mix ni kiungo tu kama bizari!

Mwaka 1908 Profesa Kikunae Ikeda wa Tokyo alichunguza supu ya mwani, akagundua kinachoipa ule utamu ni glutamati. Mwaka uliofuata ikaingia madukani kwa jina la Ajinomoto. Glutamati hiyo hiyo imo kwenye nyanya unazokaanga kila siku. Hofu ilikuja 1968, daktari mmoja Marekani alipoandika barua kwenye jarida la kitabibu, akisema hupata ganzi shingoni akila kwenye migahawa ya Kichina. Barua tu, wala si utafiti!

Sasa geuza pakiti ya mchuzi mix usome. Chumvi utaikuta juu juu kwenye orodha, na kinachotajwa mwanzo ndicho kingi. Mara nyingi hata hiyo glutamati unayoikimbia imo humo humo.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani hata kijiko cha chai hakijai. Sisi tunatia chumvi, tunavunjia kipande cha Maggi, tunamalizia na mchuzi mix. Sufuria moja, chumvi mara tatu! Halafu presha ikitupiga tunatafuta aliyetuloga.

Sisemi mvitupe. Ukitia kimojawapo, weka kopo la chumvi pembeni, onja kwanza. Vitunguu saumu, tangawizi na ndimu bado vipo sokoni.

Anayebisha aje na pakiti mkononi.