Trekta haipandishi jembe? Mlipe fundi apime kabla hajafungua pampu

Msimu wa kulima ukianza, malalamiko ya wenye trekta ndogo hufanana kutoka Mbarali hadi Babati. Injini inanguruma vizuri, gia zinaingia, tairi zinavuta, lakini mikono ya nyuma haipandishi jembe. Fundi anaitwa, anasikiliza dakika mbili, kisha anatoa hukumu kwamba pampu ya haidroliki imekufa. Mwenye trekta anakimbilia mjini kutafuta pampu, inafungwa, na jembe linabaki palepale chini. Wakati huo mvua inanyesha na wateja waliolipa kianzio wanahamia kwa jirani.

Nathubutu kusema kwamba hasara hii mara nyingi hailetwi na pampu, bali na namna tunavyowalipa mafundi wetu. Fundi anayetumia saa nzima kupima na kugundua kwamba chujio limeziba, tunampa asante na nauli. Anayefungua mashine, akapanga vyuma juu ya turubai na kudai spea, huyo ndiye tunayemlipa. Tunalipa spana, hatulipi akili. Basi tusishangae spana zikitangulia.

Tukumbuke kwanza thamani ya mfumo huu. Trekta ya nguvu farasi 25 au 30 ni nyepesi, na yenyewe ingeteleza ikivuta jembe zito. Mvumbuzi Harry Ferguson, ambaye trekta yake yenye mikono mitatu na mfumo wa kunyanyua kwa oili iliingia sokoni mwaka 1936, alionyesha kwamba jembe likishikwa namna hiyo, uzito wake na mvuto wa udongo hukandamiza tairi za nyuma, na mashine ndogo ikafanya kazi ya kubwa. Haidroliki ikigoma, mwenye trekta ndogo hana jembe wala haro. Anabaki na kifaa cha kuvuta tela tu.

Mfumo wenyewe hauna uchawi. Pampu huvuta oili kupitia kwenye chujio na kuisukuma kwa presha hadi kwenye vali, vali huielekeza kwenye silinda, na silinda hupandisha mikono. Katika trekta nyingi ndogo oili hiyo ndiyo hiyo hiyo inayolainisha gia na ekseli ya nyuma, kwa hiyo vumbi la chuma linalotoka kwenye gia husafiri na oili ya haidroliki. Pampu ni kituo kimoja tu katika safari hiyo, na si kituo cha kwanza kukaguliwa.

Cha kwanza ni oili. Egesha trekta mahali tambarare, shusha mikono, zima injini, ndipo uchomoe kijiti cha kupimia. Oili ikipungua, pampu huvuta hewa, na mikono hupanda kwa kushtuka-shtuka huku pampu ikilia. Oili yenye povu ina hewa ndani yake. Oili iliyogeuka nyeupe kama maziwa imeingiliwa na maji, jambo la kutarajiwa kwa trekta zinazovuruga mashamba ya mpunga kule Kilombero au zinazolala nje miezi mingi. Hapo dawa ni kumwaga, kutafuta maji yalikopitia, kubadili chujio na kuweka oili mpya.

Wenye tela la kutipa wana jambo la ziada la kuangalia. Bodi la tela linapoinuka, lita kadhaa za oili hutoka kwenye trekta na kuingia kwenye silinda ya tela. Kama oili ilikuwa kwenye alama ya chini, pampu itabaki ikivuta hewa. Na ukiazima tela la mwenzako, umeazima pia uchafu wa oili yake, kwa kuwa oili ikirudi huja na kila kilichokuwemo. Futa viungio vya hosi kabla ya kuunganisha, na uvifunike ukimaliza.

Cha pili ni chujio na bomba la kuvutia oili. Chujio likiziba, pampu nzima kabisa huonekana mbovu, hasa asubuhi oili ikiwa ya baridi na nzito. Kinyume chake, trekta inayopandisha vizuri asubuhi na kuchoka mchana oili ikipata moto hutuelekeza kwenye sehemu zilizolika, kwa sababu oili nyepesi hupenya kirahisi. Angalia pia oringi za bomba la kuvutia. Zikichakaa, huenda usione hata tone likidondoka, kwa kuwa upande huo pampu hufyonza hewa kuingia ndani badala ya kusukuma oili nje.

Cha tatu ni vishikio na swichi. Trekta nyingi zina kifundo karibu na kiti kinachodhibiti mwendo wa kushuka. Kikifungwa, jembe hubaki juu na mwenyewe akadhani vali imekwama. Nyingine zina vali inayoelekeza oili ama kwenye mikono ama kwenye hosi za nje. Ikiachwa upande wa nje, mikono haipati kitu. Tatizo hili huwasumbua zaidi walionunua trekta zilizotumika kutoka Japani, ambazo maandishi yake ni ya Kijapani na kitabu chake hakikuja nazo.

Cha nne ni mzigo. Jembe la sahani tatu lililokusudiwa trekta kubwa halitapandishwa na trekta ndogo, hata ufunge pampu mpya kila mwezi. Watengenezaji hutaja uzito unaoweza kunyanyuliwa kwenye ncha za mikono, na wengi hutaja pia ule wa sentimita 61 nyuma ya ncha hizo, ambao ni mdogo zaidi. Zana ndefu huelemea kuliko fupi ya uzito uleule.

Baada ya hayo manne ndipo ifike zamu ya geji ya presha. Ikifungwa mahali palipoelekezwa na kitabu cha trekta, injini ikiwa kwenye mzunguko uliotajwa na oili ikiwa na joto la kazi, itatoa jibu. Trekta nyingi ndogo hutaka presha kati ya baa 140 na 200, lakini kipimo cha kufuata ni kile cha kitabu chako. Presha ikifika na jembe halipandi, pampu haina kosa, tafuta kwenye silinda, vali au vyuma vya mikono. Presha isipofika, bado kuna vali ya usalama ya kukaguliwa kabla ya kuilaumu pampu. Na jembe lililopandishwa likiporomoka upesi mara injini inapozimwa, hiyo ni sili au vali inayovujisha. Pampu wakati huo haizunguki, haiwezi kushtakiwa.

Wapo mafundi wanaotatua yote haya kwa kukaza vali ya usalama ili presha ipande. Huko ni kuondoa breki kwa sababu gari haiendi mbio. Hosi hupasuka, na pampu iliyokuwa nzima hufa kweli. Ikumbukwe pia kwamba oili inayochuruzika kwenye tundu dogo la hosi kwa presha hiyo hupenya ngozi ya binadamu. Usitafute mvujo kwa kiganja, tumia kipande cha boksi. Aliyepigwa na oili hiyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo kama cha sindano. Na asiingie mtu chini ya jembe lililonyanyuliwa kwa haidroliki peke yake.

Watasemwa mafundi kwamba hawana vifaa, na ni kweli kwamba gereji nyingi za vijijini hazina geji hata moja. Lakini geji si kifaa kinachohitaji mfadhili. Chama cha ushirika au kikundi cha wenye trekta watano kinaweza kuinunua na kuitunza, kama tunavyomiliki mizani kwa pamoja. Vyuo vya VETA navyo vinaweza kusaidia kwa kozi fupi za upimaji wa haidroliki kwa mafundi walio kazini, kabla ya msimu.

Wauza spea na oili nao wana sehemu yao. Oili ya pamoja ya gia na haidroliki si sawa na oili ya injini wala ya breki, na anayemwambia mteja "hii nayo inafaa" bila kuuliza aina ya trekta anauza ugonjwa. Oili inayopimwa kwenye chupa za maji isiyo na jina la kiwanda wala daraja isiuzwe kwa ajili ya mashine. Waingizaji wa trekta zilizotumika watoe maelezo ya vishikio kwa Kiswahili, hata kama ni karatasi moja iliyogandishwa kwenye bawa la tairi.

Lakini mabadiliko yataanza kwetu tunaolipa. Tangu Kilimo Kwanza ilipotangazwa mwaka 2009, tumezungumza sana idadi ya trekta zinazoingia nchini na kidogo mno habari za kuzitunza. Kuanzia msimu ujao, mwenye trekta akubaliane na fundi malipo ya aina mbili: ada ya kupima, inayolipwa hata kama kosa ni kifundo kilichofungwa, na ada ya kutengeneza, inayofuata baada ya kipimo kuonyeshwa na kuandikwa. Fundi mzuri atafurahi, maana ujuzi wake umepata bei. Anayekataa kupima naye atakuwa amejitambulisha mapema, kabla hajaigusa pampu yako.