Wakili aje mwanzo, si mwisho

Mtu amenyimwa viza ya ulinzi Australia. Amepeleka shauri lake kwenye Baraza la Mapitio ya Kiutawala, ameshindwa tena. Sasa anajipa moyo: "Nitakwenda mahakamani, jaji atanisikia." Jaji hatamsikia kwa namna anayoitarajia, na inaumiza kwamba hakuna aliyemwambia mapema.

Jaji haulizi kama kweli ulipigwa Goma, au kama ukirudi Bujumbura utakamatwa. Anauliza kama baraza lilifuata sheria. Ulipewa nafasi ya haki ya kujieleza? Hoja yako kuu ilijibiwa, au ilirukwa? Hata likionekana kosa zito, jaji hatoi viza. Anarudisha shauri likasikilizwe upya. Usipoonekana ukiukaji wowote wa sheria, umeshindwa, na huenda ukaamriwa kulipa gharama za Waziri wa Uhamiaji, ambaye ndiye unayemshitaki, nazo ni maelfu ya dola.

Basi kinachoamua maisha ya mtu ni maelezo ya mwanzo. Na mwanzo ndipo tunapomwacha peke yake, na fomu ya Kiingereza na mkalimani yeyote aliyepatikana siku hiyo.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tunajua shauri linaharibikia wapi. Mama anasema "ndugu yangu aliuawa." Mkalimani mmoja anatafsiri kaka wa tumbo moja, mwingine anatafsiri binamu. Anasema walivamiwa saa mbili usiku. Asiyejua saa zetu anaandika saa nane za usiku. Miezi inapita, karatasi zinawekwa pamoja, mama anaambiwa anajipinga, haaminiki. Kauli kwamba hukuaminika ni ngumu mno kuing'oa mahakamani.

Dawa yake kila mtu anaijua. Serikali ya Australia imlipie mwombaji asiye na uwezo wakili tangu fomu ya kwanza, na mkalimani wa Kiswahili anachokisema yeye. Cha Bukavu na cha Unguja si kimoja. Tusiambiwe fedha hakuna. Zipo za kuwalipa mawakili wa Waziri katika kesi ambazo nyingi zisingefika mahakamani kama wakili angekuwapo tangu mwanzo. Na barua ya kukataliwa ieleze kwa lugha ya mwombaji kile ambacho mahakama inaweza kufanya na kile isichoweza.

Wewe uliyeishika barua ya baraza hivi sasa, usiiweke kabatini kungoja Jumapili umwonyeshe mchungaji. Ipeleke leo kwenye kituo cha msaada wa sheria. Una siku 35 za kufungua shauri, na zinahesabiwa tangu tarehe ya uamuzi wenyewe, hata kama bahasha umeifungua jana.