Wavuvi Wako Wodini, Ukoo Uko Wapi?

Huku Pwani kuna imani isiyohojiwa: mzazi akilazwa hoi, watakaosimama ni ndugu wa damu, na wengine wote ni wapita njia. Tunafundishwa hivyo tangu utotoni. Rafiki ni wa kijiweni, wa bao na kahawa. Ugonjwa ukibisha hodi humwoni tena. Na katika marafiki wote, anayedharauliwa zaidi ni mvuvi. Huyo, wanasema, hata nafsi yake haijali. Anakula alichovua leo, kesho ataijua kesho; atapata wapi moyo wa kumjali mama wa mwenzake? Kauli hii nimeisikia barazani, nimeisikia kwenye daladala, nimeisikia kwa wasomi waliofunga tai. Ni ya uongo, na inamnyima mgonjwa msaada uliokwisha kufika mlangoni kwake.

Anayebisha aende Dar es Salaam, asimame Soko la Samaki la Feri alfajiri, mnada umepamba moto. Kutoka pale hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road ni mwendo wa miguu. Ukishaipita Ikulu umefika. Saa za kuona wagonjwa utawatambua watu wa baharini bila kuambiwa: shati safi limevaliwa lakini miguu ingali na chumvi, mkononi chupa ya chai na hotpoti ya mtori. Waulize wamekuja kumwona nani. Utasikia: mama yake mwenzetu. Si shangazi, si mama mdogo. Mama yake mwenzetu.

Nahodha mmoja ninayemfahamu, mtu wa Mafia, alivuka na mama yake kutoka Kilindoni hadi Nyamisati, mgonjwa kalazwa kwenye godoro, kisha wakapanda gari hadi mjini. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, ile inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na ilikuwa imeshaanza kumtoa damu. Bibi huyo ana ndugu hai, na wawili kati yao wana nyumba za kupangisha Dar es Salaam. Siku ya kwanza walifika wote. Wakakizunguka kitanda, wakaomba dua, wakatoa pole, wakapiga picha (ndiyo, picha), wakaenda zao. Baada ya hapo walikuwa wakiuliza hali kwa simu.

Waliobaki ni mabaharia wa chombo chake. Ilikuwa mbalamwezi, siku ambazo wavuvi wa dagaa wa taa hawana kazi, kwa hiyo nafasi walikuwa nayo, fedha hawakuwa nazo. Wakagawana shughuli kama wanavyogawana kazi ya wavu: wawili wa foleni ya dawa na vipimo, mmoja wa kutafuta pa kulala, wengine wakamwendea tajiri wa chombo kukopa kwa ahadi ya mgawo wa giza linalokuja. Hakuna aliyeitisha kikao.

Sasa, baharia mwanamume hawezi kumwogesha mama wa mwenzake kwenye wodi ya wanawake. Hapo ndipo wenye dharau hudhani wamenishinda. Aliyelala chini ya kitanda usiku alikuwa mama mkaanga samaki, mteja wa chombo kile, asiye na hata tone la udugu na mgonjwa. Miaka yote alikuwa akichukua samaki kwa mali kauli, akishauza jioni ndipo analipa. Alimwogesha, akamgeuza, akamfulia, na alfajiri akarudi kwenye karai lake. Kuuguza si kutembelea. Kuuguza kuna kinyesi ndani yake, kuna kukesha, kuna kumshika mtu kichwa anapotapika. Ndiyo maana ukoo mzima unaweza kufika wodini na asiwepo hata mmoja anayeuguza.

Kisha ikaja habari ya damu. Mama alihitaji kuongezewa, na hospitali, kama zilivyo hospitali zetu nyingi, ikaomba watu wa mgonjwa wakachangie ili akiba isipungue. Hapo ndipo ukoo ulipaswa kung'ara, maana si tunasema damu nzito kuliko maji? Mpwa mmoja akasema ana presha. Mwingine akaogopa sindano. Mabaharia wakakunja mikono ya mashati.

Wahudumu wa Damu Salama hawamuulizi mtu ukoo wake. Wanataka awe na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, afya njema, na kama ni mwanamume iwe imepita miezi 3 tangu achangie mara ya mwisho. Anatoa mfuko mmoja wa kama mililita 450, anakunywa soda, anaondoka. Na sayansi inakwenda mbali zaidi ya hapo. Wanaoringia damu ya ukoo nawaomba walisome hili mara mbili: damu ya ndugu wa karibu, ya mtoto kwa mzazi au ya kaka kwa dada, ina hatari yake ya pekee. Chembe nyeupe zilizomo zikifanana mno na za mpokeaji, mwili wake unaweza usizitambue kuwa ni ngeni. Zikabaki humo, zikaongezeka, zikaanza kumshambulia. Ni nadra, lakini ikitokea huua karibu kila mara, na ndiyo sababu penye vifaa damu ya ndugu hupigwa mionzi kwanza kabla ya kutumiwa. Damu imfaayo mgonjwa ni iliyopimwa, ikawa salama, ikapatana na kundi lake, hata kama imetoka kwa mtu wa Kigoma ambaye hajawahi kuonja maji ya chumvi. Mama yule wa nahodha alipata damu, akaanza tiba ya mionzi.

Kwa nini wavuvi? Si kwa kuwa ni malaika. Walevi wamo, wagomvi wamo, na wapo wanaoumaliza mgawo kabla jua halijachwa. Lakini itazame kazi yenyewe. Chombo cha ringi neti huchukua watu ishirini na zaidi. Usiku wa giza, mmoja akipiga mbizi kuutazama wavu, uhai wake uko kwa wenzake walio juu. Injini ikizima mbali na pwani, kusi linavuma, hakuna mjomba atakayetokea. Kuna wewe na hao uliopanda nao. Hata fedha inagawanywa kwa namna inayomfunza mtu. Kwanza yanatolewa mafuta, barafu na chakula, kisha fungu la tajiri kwa ajili ya chombo na nyavu, na kinachobaki ndicho cha mabaharia. Mshahara hakuna. Wakikosa, wamekosa wote. Aliyeishi hivyo kwa miaka hahitaji kuhubiriwa kwamba shida ya mwenzake inamhusu. Mama wa nahodha akizidiwa, nahodha haingii baharini, na nahodha asipoingia baharini kuna nyumba ishirini ambazo jioni hazitapika. Wanaolalamika kwamba mvuvi haweki akiba wanaitafuta benki. Ameiweka kwa wenzake.

Tena moyo huo hauishii kwa wanaofahamiana. Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoangukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, waliofika mwanzo ni wavuvi na mitumbwi yao. Kati ya watu 43 waliokuwemo, 24 walitoka hai. Majaliwa Jackson, kijana mvuvi ambaye nchi nzima ililijua jina lake siku ile, hakuuliza abiria ni wa ukoo gani.

Ukoo nao unatoa, tusiudhulumu. Unatoa msibani. Mgonjwa akiwa hai, kundi la ukoo la WhatsApp limejaa pole na vikaragosi vya mikono ya kuomba. Akikata roho, kabla ya saa kupita kuna kamati, kuna mweka hazina, kuna namba ya kutumia mchango. Turubai linapatikana, viti vinapatikana, ng'ombe anapatikana, mchele unakuja kwa magunia. Na kwa wenzetu wa bara, jeneza na basi la kumpeleka marehemu kwao. Kumbe fedha zipo! Zilikuwepo wiki iliyopita, mtoto wa mgonjwa alipokuwa akihaha kutafuta wa kulipia kipimo. Sababu haijifichi. Mchango wa msiba unaandikwa daftarini na kusomwa mbele za watu. Mchango wa dawa haumletei mtu sifa. Tunapousifia uzito wa damu, tuseme basi kwamba damu hiyo huwa nzito baada ya mwenyewe kuzikwa.

Najua nitajibiwa kwamba ndugu ni maskini, kila mtu ana watoto wake na kodi yake. Baharia naye ni tajiri? Wapo watakaosema, na hawa wana hoja, kwamba mabaharia humsaidia aliyemo chomboni, akishaacha bahari au kuhamia diko lingine wanamsahau. Hutokea, nami sitawatetea kwa hilo. Wengine watasema mchango wa diko hauwezi kubeba matibabu ya saratani ya wiki kadhaa, na nauli, na chumba cha kupanga mjini. Ni kweli kabisa. Hiyo ni sababu ya kuipigania bima. Haiwi sababu ya kuwabeza waliochangia.

Na kwenye bima nako imani hiyohiyo imejibanza. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilipangwa kwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6. Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Hesabu ni ya mume, mke, watoto na tegemezi, na kwa mtumishi wa ofisini inakwenda sawa. Mvuvi anayekwenda dago anakaa visiwani miezi, mbali na kaya yake, na anaoishi nao ni wale aliopanda nao chombo. Mwandikishaji atamsubiri mjini hadi achoke. Amfuate dikoni, siku ya mgawo, azungumze na tajiri na nahodha: fungu la bima litolewe juu, pamoja na mafuta na barafu, kabla mtu hajagusa senti. Utaratibu wa kukata gharama upo miaka na mikaka. Kinachokosekana ni wa kuuheshimu.

Wazee wetu, ambao tunawasingizia imani hii, hawakuwa nayo. Walichanjana chale wakawa ndugu na watu waliokutana nao njiani. Walikuwa na watani, watu wa kabila jingine kabisa, ambao mazishini walikuwa na kazi zao zisizoguswa na mwana wa nyumba. Sisi tunaitaja methali ya undugu kufaana tukichangisha harusi, tukifika hospitalini tunaikana.

Hospitali zinaweza kuanza kesho, bila bajeti. Fomu ya kulazwa inauliza ndugu wa karibu, na baharia, kwa kuogopa kutolewa nje, hujiandika mtoto wa dada. Hana haja ya kudanganya. Mgonjwa mwenye fahamu zake ndiye mwenye kauli juu ya mwili wake; muuguzi amuulize nani anamuuguza, anataka nani akae naye, nani aelezwe habari zake, jina litakalotajwa liandikwe na liheshimiwe. Nawe ndugu wa damu unayesoma haya huku una mgonjwa wodini, usingoje kuitwa kwenye kamati ya mazishi. Leo usiku anatakiwa mtu wa kumgeuza. Nenda kamgeuze wewe, na kama huwezi, usimwulize baharia pale mlangoni yeye ni nani.