Jibini ya Masisi: jina ni la nani?

Sokoni Goma, Bukavu na hata Kinshasa, jibini ya mviringo inayofanana na Gouda inaitwa fromaji ya Masisi. Mara nyingi haina karatasi wala muhuri. Muuzaji akisema imetoka Masisi, mnunuzi anaamini. Lakini jibini ya namna hiyo inatengenezwa pia Minembwe, na ng'ambo ya mpaka, kwenye vilima vya Gishwati nchini Rwanda.

Mfugaji anayetaka kulinda kazi yake anaweza kufikiria kutafuta avoka wa hataza, ile wengi wanaita breve. Atapoteza pesa. Hataza inalinda uvumbuzi mpya, na ufundi huu uliletwa na wamisionari wa Ulaya zamani; mashamba mengi ya Masisi yanaujua. Avoka mwaminifu atamwambia hivyo kabla ya kupokea hata dola moja. Kinachoweza kulindwa hapa ni jina.

Sheria nambari 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982 inagusa hataza, alama za biashara na majina yanayotaja asili ya bidhaa. Ombi linapelekwa Wizara ya Viwanda, Kinshasa. Kongo haimo katika OAPI ya Yaoundé wala ARIPO ya Harare, kwa hiyo hati ya Kinshasa haivuki mpaka. Kamerun ilipitia OAPI, na mwaka 2013 pilipili ya Penja ikapata ulinzi wa jina. Ila kwanza wakulima walijiunga, wakakubaliana mipaka ya eneo na ubora wa pilipili yenyewe.

Kazi hiyo ya kwanza avoka hawezi kuwafanyia wafugaji. Vilima gani vinahesabiwa? Jibini ikae siku ngapi kabla ya kuuzwa? Nani anamkatalia mwenzake jina? Masisi-kati iliangukia mikononi mwa M23 Januari 2025, na Goma mwezi uleule. Wafugaji wametawanyika, ng'ombe wengi wameporwa. Shirika litakaloundwa huko leo litaandikishwa na utawala gani, na Kinshasa itapokea muhuri wake?

Jirani zao wa Walikale wanajua uzito wa asili kuandikwa: magunia ya kasiterite yanafungwa lebo kwa sababu wanunuzi wa nje wanaidai. Koltani ya Rubaya, iliyo Masisi hiyohiyo, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema mwaka 2024 kwamba ilivushwa na kuchanganywa na ya Rwanda. Desemba mwaka huo serikali ya Kongo ilishtaki matawi ya Apple huko Ufaransa na Ubelgiji.

Jibini haina mawakili wa namna hiyo. Walio karibu zaidi na ofisi ni wafanyabiashara wanaoiuza Kinshasa. Wao wanaweza kupeleka ombi la alama kesho, lakini wakiliandika kwa majina yao binafsi, mfugaji akirudi shambani atakuta jina la kilima chake lina mwenyewe.